Mashine ya kukandamiza kifua haichukui nafasi ya mikono

MOYO unaposimama ghafla, damu huacha kufika kwenye ubongo, nao huanza kudhurika baada ya dakika chache tu. Njia ya kumwokoa mgonjwa ni kukandamiza kifua chake mara moja, mbinu ambayo William Kouwenhoven, James Jude na Guy Knickerbocker wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, waliitangaza mwaka 1960.

Kazi hiyo ni nzito. Kifua cha mtu mzima hupaswa kushuka sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Mikono huchoka upesi, ndiposa waokoaji hushauriwa kupokezana kila baada ya dakika 2.

Ni uchovu huo uliowasukuma wahandisi kubuni mashine. LUCAS, iliyotoka Lund nchini Uswidi, ina pistoni yenye kikombe kinachonata kifuani, kukisukuma chini na kukiachilia kipande tena. AutoPulse nayo hutumia mkanda mpana unaokizunguka kifua na kukibana.

Je, mashine huokoa wengi zaidi? Utafiti wa huduma za ambulensi nchini Uingereza, uliohusisha wagonjwa 4,471 na kuchapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2015, haukuona hivyo. Miongoni mwa waliotengewa LUCAS, asilimia 6 walikuwa hai baada ya siku 30, ikilinganishwa na asilimia 7 ya waliokandamizwa kwa mikono.

Kwa hivyo, miongozo ya kimataifa haipendekezi mashine itumiwe kwa kila mgonjwa. Manufaa yake huonekana pale mikono inaposhindwa au mwokoaji anapohatarika: ndani ya ambulensi inayokwenda kasi, au mgonjwa anapozibuliwa mishipa ya moyo chini ya eksirei. Hata hapo, wahudumu lazima wawe wamefunzwa kuifunga haraka, kwani kila sekunde kifua kinapotulia, damu nayo husimama.

Hata hivyo, mashine hufika pamoja na ambulensi. Dakika za kwanza ni za aliye karibu. Mtu akizirai, asiitike wala kupumua ipasavyo, itisha msaada, weka viganja vyote viwili katikati ya kifua, kisha ukandamize kwa nguvu na kwa kasi bila kukoma hadi wahudumu wawasili.