Mpingo na Asili ya Kiti cha Enzi

Wageni waliotangulia kuandika juu ya mwambao wetu walikuwa wepesi wa kuvitafutia vyombo vya Waswahili wazazi ng'ambo. Kiti cha enzi nacho hakikusalimika: wako wanaokinasibisha na Wareno, wako wanaokipeleka Bara Hindi, na wengine Misri ya Mamluki. Mti wenyewe ni nadra kuulizwa.

Aghalabu mti huo ni mpingo. Kiini chake ni cheusi, na kwa uzito wake huzama majini. Ingawa mara nyingi huitwa abunusi, kwa jamaa yake u karibu zaidi na kunde kuliko na abunusi wa kweli. Hukua polepole mno. Shina lake ni fupi, lililopindapinda, na mara nyingi lina uwazi ndani, hata kupata ubao mpana ulionyoka ni bahati. Basi fundi afanyeje? Kiti chenyewe chajibu. Kimeundwa kwa vipande vyembamba, ncha ya kimoja ikiingia katika tundu la kingine. Mahali pa kukalia na pa kuegemea pamesukwa kamba, na weusi wa mti umetiwa njumu za pembe. Umbo hilo laafikiana na tabia ya mpingo, hata kama lilionwa kwanza kwingine.

Lugha nayo yatoa ushahidi. Meza tuliipata kwa Wareno, na seremala ni neno lenye asili ya Kiajemi. Lakini kiti kina mzizi mmoja na mti, na Wakikuyu, walio mbali na bahari, husema gĩtĩ na mũtĩ. Enzi tu ndiyo ya Kiarabu. Naam, ukale wa jina hauthibitishi ukale wa umbo, kwani kigoda na kiti cha mfalme huweza kushiriki neno moja. Hata hivyo, Vasco da Gama alipofika Malindi mwaka 1498, wenzake waliandika habari za mfalme wa mji huo na viti vyake viwili vya shaba, vyenye mito. Desturi ya kuonyesha cheo kwa kiti haikungoja merikebu zao.

Mwenye kutaka kuuendeleza uchunguzi huu na aanze kwa mafundi wa Lamu: ayakusanye majina wanayoyapa viungo vya kiti, kimoja kimoja, kisha ayalinganishe na yale ya kitanda na ya mlango.