Mhandisi Ambaye Hakufika Ozi

Niliacha uhandisi wa ujenzi mwaka wa pili, karo iliponishinda. Kilichobaki kichwani ni hadithi ya George Whitehouse, jamaa aliyeshuka Mombasa Desemba 1895 akiwa mhandisi mkuu wa Reli ya Uganda. Darasani tulimsoma kama shujaa.

Na kusema kweli, kazi aliipiga. Nyika ya Taru haikuwa na maji, ikabidi treni yenyewe iwabebee wafanyakazi ya kunywa. Tsavo kulikuwa na simba, hiyo unaijua. Mwaka 1899 reli ikafika kwenye kinamasi ambako Wamaasai walinywesha ng'ombe, naye akahamishia makao ya reli hapo. Ndiyo Nairobi unayolalamikia foleni zake. Desemba 20, 1901, ikagusa ziwa, zaidi ya kilomita 930 kutoka baharini. Kituo kikaitwa Port Florence, yaani Kisumu ya sasa, na hadi leo watu wanabishana: Florence ni mke wa Whitehouse, au ni mke wa Ronald Preston aliyesimamia kutandaza reli?

Vibarua kama 32,000 waliletwa kutoka India. Karibu 2,500 walikufa, zaidi ya wanne kwa kila maili. Majina yao hakuna anayeyabishania. Whitehouse akawa Sir George.

Nilimsimulia babu haya yote Ozi, tumesimama kando ya shamba la mpunga.

“Huku alifika?”

“La, babu. Reli ilikata bara.”

“Sisi wetu ulichimbwa kwa jembe.”

Alimaanisha Belezoni, mfereji wa karne ya 19, enzi za watawala wa Witu, uliounganisha Tana na mto Ozi. Kumbe Tana ikaupenda, ikahamia humo, ikaja kumwagikia Kipini. Wazee wakalima kwa akili: bahari ikijaa huusukuma mto nyuma, maji baridi yakapanda yenyewe hadi mashambani. Siku hizi mto ukipungua, kinachopanda ni chumvi, na mpunga unakauka umesimama.

Babu alichota kwa kiganja, akaonja, akatema.

“Wewe si umesomea haya? Tuwekee mlango wa maji hapa.”

Nikamwambia niliacha kabla hatujafika huko.

“Haya, shika jembe, mjukuu wangu.”

Tukainua tuta mpaka magharibi. Hatua thelathini hivi, na bahari ilikuwa imeanza kujaa.