Mapendekezo, Grafu na Suala la Kurudia Utafiti

Mfumo wa mapendekezo ni programu inayobashiri kitu ambacho mtumiaji atakipenda, iwe filamu, kitabu au bidhaa, mara nyingi kwa kulinganisha chaguo zake za awali na za watu wenye mwelekeo kama wake. Fani hii ilianza kupata sura mwaka 1994, GroupLens ilipobuniwa ili kuwachambulia wasomaji wa mtandao wa majadiliano wa Usenet makala za kusoma, na ikavuma zaidi mwaka 2006, kampuni ya Netflix ilipoahidi dola milioni 1 kwa yeyote ambaye angeboresha usahihi wa ubashiri wake kwa asilimia 10. Katika shindano hilo, lililokamilika mwaka 2009, washiriki wote walitumia data ileile, huku majibu ya kusahihishia yakibaki kwa mwandalizi. Timu mbili za mwisho zilipolingana alama, mshindi akawa ile iliyotangulia kuwasilisha kazi kwa dakika 20.

Nje ya shindano la namna hiyo, mtafiti hushindana na papo hapo huwa mwamuzi wa kazi yake mwenyewe. Mwaka 2019, Maurizio Ferrari Dacrema, Paolo Cremonesi na Dietmar Jannach walichunguza mbinu 18 za mapendekezo zinazotumia mitandao ya neva, yaani programu zinazojifunza kutokana na data, wakafaulu kurudia matokeo ya 7 tu kwa juhudi za kadiri, na 6 kati ya hizo mara nyingi zilishindwa na mbinu sahili.

Mwaka huohuo ilichapishwa NGCF, mbinu inayotumia grafu, yaani mchoro wa kihisabati ambamo watumiaji na vitu ni nukta, na kila chaguo ni mstari unaounganisha nukta mbili. Mwaka 2020, LightGCN iliondoa hatua mbili za ukokotoaji zilizomo katika NGCF, na bado ikaishinda.

Mwaka 2023, Vito Walter Anelli na wenzake walirudia mbinu sita za grafu kwa data za Gowalla, Yelp na Amazon Book, na matokeo yaliyochapishwa yakapatikana tena. Kasoro waliyoibaini ni kwamba tafiti nyingi zilinakili takwimu za mbinu shindani kutoka makala zilizotangulia bila kuzihakiki. Na walipoongeza data za Allrecipes na BookCrossing, utendaji ulitofautiana na ule uliozoeleka. Kupata tena namba ileile, kwa hiyo, huthibitisha kwamba hesabu ilifanyika sawasawa, lakini dai la maendeleo husimama tu pale mbinu kongwe zinaporekebishwa kwa uangalifu uleule unaopewa mbinu mpya.