Kijapani na njaa isiyo njaa

Mtu akisema kwa Kiswahili "nina njaa", msikilizaji hawezi kujua mara moja iwapo anataka andazi au sahani ya wali. Wajapani wana maneno yanayoitenga njaa ndogo na njaa ya mlo.

Tumbo dogo

Njaa ya kawaida ni onaka ga suita, yaani tumbo limekuwa tupu. Hara ga hetta ina maana hiyo hiyo, ila ni kauli kavu, isikikayo zaidi miongoni mwa wanaume waliozoeana.

Njaa ikiwa ndogo, husemwa kobara ga suita. Hara ni tumbo, ko ni udogo, na h hugeuka b maneno hayo yanapoungana. Anayetamka hivyo haombi kutayarishiwa chakula. Onigiri moja, yaani tonge la wali lililofungwa kwa mwani mkavu, linamtosha.

Upweke wa kinywa

Kuchi ni kinywa na sabishii ni kuwa mpweke. Anayesema kuchisabishii huenda ameshiba, lakini kinywa chake kinatafuta cha kutafuna. Hulitumia pia neno hilo aliyeacha sigara.

Kitafunio cha saa nane

Kitafunio cha alasiri huitwa oyatsu, neno litokanalo na yatsu, yaani nane. Kabla ya mwaka 1873, ilipoanza kutumika saa ya Kizungu, Wajapani walihesabu vipindi vya mchana kwa kushuka kuanzia tisa, adhuhuri. Kipindi cha nane kilifuata, kikiangukia takriban saa nane mchana kwa hesabu ya Waswahili. Hiyo ni sadfa tu, kwani Waswahili huhesabu tangu macheo. Siku hizi oyatsu huhusishwa na saa tisa alasiri. Kiliwacho usiku baada ya chajio ni yashoku.

Mtego kwa mfasiri

Njaa iuayo watu ina neno lake la Kijapani, kiga, lisilochanganyika na hayo yote. Kiswahili huyabeba yote kwa neno "njaa", lile lile litangazwalo ukame unapoangamiza mifugo na mazao. Kwa hiyo kobara ga suita ikifasiriwa "nina njaa", maana huzidi kipimo, na mwenyeji aweza kuinjika chungu bure. Afadhali kusema "nataka kitu kidogo cha kutuliza tumbo".