Mtumishi wa Umma Mbele ya Sheria ya Jinai: Kutoka India hadi Afrika Mashariki

Maana ya kwanza ya mtumishi wa umma katika sheria ya jinai iliyoandikwa ya Kenya na Tanganyika ilitungwa India. Mwaka 1837 tume iliyoongozwa na Thomas Babington Macaulay ilikamilisha rasimu ya Kanuni ya Adhabu. Kanuni hiyo ilipitishwa mwaka 1860 na kuanza kutumika Januari 1862. Kifungu chake cha 21 kiliwataja watu kwa kazi zao: ofisa wa jeshi, jaji, ofisa wa mahakama, msuluhishi aliyekabidhiwa shauri na mahakama, mwenye mamlaka ya kumweka mtu kizuizini, anayepokea au kutumia mali ya serikali, hata anayetoza kodi kwa mahitaji ya kijiji au mji.

Uzito wa kifungu hicho umo katika fafanuzi mbili zilizofuata orodha. Ya kwanza ilisema kwamba si lazima mtu awe ameteuliwa na serikali. Ya pili ilimhesabu kila aliyekikalia cheo kwa vitendo, hata kama uteuzi wake ulikuwa na kasoro ya kisheria. Kwa hiyo mla rushwa hakuweza kujitetea kwamba barua yake ya ajira haikuwa halali. Mshahara nao haukuwa kipimo: mjumbe wa panchayat, yaani baraza la kijiji, alipoisaidia mahakama aliingia katika orodha sawa na jaji. Ulikuwa uamuzi wa haki, kwa sababu mwananchi anayedaiwa chochote na mwenye madaraka hana njia ya kukagua hati za uteuzi wake.

Hadhi hiyo ilibeba adhabu na kinga kwa pamoja. Kifungu cha 161 kilimtishia mtumishi aliyepokea rushwa kwa kifungo cha hadi miaka 3. Papo hapo, kumshambulia akiwa kazini kulihesabiwa kosa zito kuliko shambulio la kawaida. Mshtakiwa mmoja angejitahidi kuthibitisha kwamba yeye si mtumishi wa umma. Mwingine angedai kwamba aliyepigwa naye hakuwa mtumishi wa umma.

Waingereza waliieneza sheria ya India katika himaya yao ya Afrika Mashariki kwa amri ya mwaka 1897, na Tanganyika ikaipokea baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia. Mwaka 1930 Kenya na Tanganyika ziliiacha na kupewa kanuni mpya zenye asili tofauti, katika ukoo wa kanuni ambayo Samuel Griffith aliiandikia Queensland, Australia, na iliyopitishwa mwaka 1899. Badiliko hilo liliamuliwa London, na wanasheria wengi waliokwisha kuizoea sheria ya India hawakulipenda.

Kanuni hizo mpya zilianzia kwenye chanzo cha madaraka: ofisi ambayo uteuzi wake uko mikononi mwa mkuu wa nchi au tume ya umma, ofisi inayopatikana kwa sheria au kwa uchaguzi, na ofisi zinazojazwa na wenye vyeo hivyo. Ziliongeza pia wanajeshi, wajumbe wa tume za uchunguzi, wapeleka hati za mahakama na waajiriwa wa serikali za mitaa. Wazo la India halikupotea, kwani anayetekeleza kazi za ofisi kwa kukaimu au kwa namna nyingine naye alihesabiwa.

Fungu la kuvutia zaidi linamhusu kiongozi wa dini. Anapotangaza ndoa inayokusudiwa, anapofungisha ndoa, au anapotunza daftari la ndoa, vizazi, ubatizo, vifo au mazishi, yeye ni mtumishi wa umma. Nje ya hapo, sivyo. Padri anayehubiri Jumapili asubuhi ni raia kama waumini wake, lakini akifungua daftari la ndoa mchana wa siku hiyohiyo anabeba wajibu wa ofisa wa serikali. Hapa sheria ilifuata kazi yenyewe kwa ukaribu kuliko mahali pengine popote.

India nayo iliendelea kupanua orodha yake. Baadaye iliingiza wafanyakazi wa mashirika ya umma. Mwaka 1984, katika kesi ya mwanasiasa A. R. Antulay, Mahakama ya Juu ya India iliamua kwamba mjumbe wa bunge la jimbo hakuwemo katika kifungu cha 21. Sheria ya rushwa ya mwaka 1988 ikamweka ndani kila mwenye ofisi inayomtaka atekeleze wajibu wa umma, na mwaka 1998 mahakama hiyohiyo ikasema kwamba wabunge wamo.

Tanzania, kwa Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, iliifanya rushwa kuwa kosa katika sekta ya umma na ya binafsi, hivyo mpokeaji hawezi tena kujinasua kwa kusema yeye si mtumishi wa umma. Kwa matumizi mabaya ya madaraka na wizi wa mtumishi wa umma, hata hivyo, upande wa mashtaka bado hauna budi kuthibitisha kwanza hadhi ya mshtakiwa.