Barza na manyetofoni: maneno ya msanii kama ukumbusho

Hapa kwetu Salamabila hakuna mtu wa kufundishwa maana ya barza. Ni pale mbele ya nyumba, penye kivuli, kiti cha mzee na viti vya wale wanaopita. Neno lenyewe lilikuja na wafanyabiashara wa pwani, wakati Kasongo na Nyangwe ilikuwa miji mikubwa ya biashara na Kabambare ilikuwa kituo kwenye njia ya kwenda ziwa Tanganyika. Lakini kuketi na kusemezana hakukuletwa na mgeni. Bazee wetu, Wabangubangu, Wazimba na Wakusu, walikuwa nako zamani.

Siku hizi vijana wanasikiliza kwenye telefone kitu kinachoitwa podikasti. Mtu anaalika mwimbaji, mchoraji ao mwandishi, wanaongea muda mrefu juu ya kazi yake na maisha yake, na maneno yao yanahifadhiwa. Kule Tanzania mtangazaji Salama Jabir alianzisha kipindi cha namna hiyo, akakiita Salama Na, jina ambalo linatuchekesha kidogo sisi watu wa Salamabila. Kuna wazee wanaosema haya ni mambo ya wazungu na ya watoto wasio na kazi. Sisi tunaona sivyo. Moja kati ya mazungumzo makubwa ya aina hiyo yalifanyika hapa hapa Kongo, kwa Kiswahili, zaidi ya miaka 50 iliyopita. Kabla ya kuyaeleza, ni lazima kwanza tuseme ni nini tulichokosa sisi wa Maniema.

Majirani zetu wa kaskazini, Warega wa Pangi na Shabunda, walikuwa na chama cha Bwami, na Wabembe wa Fizi nao walikuwa na Bwami yao. Wakubwa wa Bwami walikuwa na vinyago vidogo vya pembe na vya mti. Kinyago hakikuwekwa pale kitazamwe tu. Siku ya mafundisho kilitolewa ndani ya kikapu, kikachezewa, na mwenye kujua akasema mithali yake, hata akaiimba. Kinyago kimoja kiliweza kubeba mithali zaidi ya moja, kufuatana na nani anakishika na siku gani. Kwa hiyo kitu na neno vilikwenda pamoja, kama mpini na jembe. Serikali ya Wabelgiji iliona Bwami ni hatari, ikaikataza. Amri moja ilitoka mwaka wa 1948. Vinyago vingi vikauzwa ao vikachukuliwa. Leo viko Tervuren, viko Amerika, viko katika nyumba za matajiri, ndani ya vioo. Vimefika salama, lakini maneno ya vingi kati yao yalibaki njiani. Chini yake kumeandikwa kabila, urefu na aina ya mti ao pembe. Jina la aliyechonga halipo mara nyingi, na alichokisema hakipo kabisa.

Ni vilevile kwa historia ya kwetu yenyewe. Mauaji ya soko la Nyangwe ya Julai 1871, ambamo mamia ya watu, wengi wao wanawake waliokuja kuuza, walipigwa risasi ao walizama mtoni, tunayajua kwa kalamu ya Livingstone, ambaye alikuwa pale. Habari za Kasongo ya zamani tunazipata kwa Tippu Tip, yaani Hamed bin Muhammed el Murjebi. Huyu alipozeeka Unguja, Mjerumani Heinrich Brode alimwomba asimulie maisha yake. Akayaandika kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, na Brode akayachapisha mwaka wa 1902 na 1903. Ni kitabu kitamu, hatukatai. Lakini ni maneno ya mwenye bunduki na mwenye pembe. Yule aliyezibeba pembe kutoka Kasongo mpaka Ujiji, hakuna aliyemwambia: keti, baba, tueleze.

Sasa tufike Shaba, jimbo ambalo baadaye liliitwa tena Katanga, mpaka lilipogawanywa mwaka wa 2015. Miaka ya 1970, katika miji ya Lubumbashi, Likasi, Kipushi na Kolwezi, kulikuwa wachoraji wengi waliouza tablo zao nyumba kwa nyumba. Walichora kwenye kitambaa cha magunia ya unga, kwa rangi za bei ndogo. Wanunuzi walikuwa wafanyakazi wa Gécamines na wa reli, walimu, makarani. Tablo zilikuwa na aina zake zinazojulikana: mamba muntu, yule mwanamke nusu samaki, Colonie belge, ambamo mfungwa anachapwa fimbo mbele ya mzungu, na ile ya Waarabu wenye kanzu wakiongoza mateka waliofungwa minyororo. Tazameni basi: hadithi ya Kasongo na Kabambare ilitundikwa ukutani Lubumbashi, ndani ya salon, juu ya viti. Tablo za namna hiyo wenyewe waliziita ukumbusho. Kazi ya ukumbusho ilikuwa nini? Mgeni anaingia, anaketi, anainua macho, anauliza, na mwenye nyumba anaanza kueleza. Tablo ilikuwa kama kuni: maneno ndiyo moto.

Mmoja wa wachoraji hao alikuwa Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka wa 1947. Mwishoni mwa 1973 alifika kwa mwalimu mmoja wa chuo kikuu cha Lubumbashi, Johannes Fabian, aliyekuwa ametafiti juu ya Jamaa, ile ya padri Tempels, na aliyesikia Kiswahili vizuri. Tshibumba alikuja kuuza, kama alivyouza kwa wengine. Lakini katika kuongea akaonyesha kwamba yeye hajihesabu kuwa mchoraji tu. Anajihesabu kuwa mwanahistoria, na anaweza kuchora historia yote ya nchi, toka mababu mpaka Mobutu, akipata mtu wa kumsaidia. Wakapatana. Kufikia mwisho wa 1974 alikuwa ameleta tablo 101.

Namna walivyofanya ndiyo inayotuhusu zaidi. Tshibumba aliweka tablo moja mbele, manyetofoni ikafunguliwa, akaanza kueleza mwenyewe bila kukatwa: huyu ni nani, hapa ni wapi, kilitokea nini. Kisha wakarudi nyuma, wakaanza mazungumzo. Fabian aliuliza: kwa nini rangi hii, umeipata wapi habari hii, uliona ao ulisikia? Tshibumba alijibu, mara nyingine akapinga. Alipochora kifo cha Lumumba aliweka misalaba mitatu nyuma ya maiti. Mtu akitazama bila maneno atafikiri ni makaburi ya wenzake Mpolo na Okito. Lakini mchoraji alikuwa anamfananisha Lumumba na Yesu. Kitu kama hicho kitajulikana namna gani, kama mchoraji hakuulizwa?

Tukumbuke pia wakati wenyewe. Ulikuwa wakati wa MPR, chama kimoja, na kusema juu ya Lumumba, juu ya Katanga ya Tshombe ao juu ya mkubwa mwenyewe hakukuwa mchezo. Mbele ya manyetofoni mtu anapima maneno. Fabian alipochapisha mazungumzo hayo mwaka wa 1996, katika kitabu kiitwacho Remembering the Present, aliwapa wasomaji maneno ya Tshibumba pamoja na tablo, moja kwa moja. Tablo zenyewe ziko Amsterdam, katika makumbusho yaliyoitwa Tropenmuseum, ambayo toka 2023 yanaitwa Wereldmuseum. Na maneno ya Kiswahili, kama yalivyosemwa, pamoja na kusitasita na kurudia, yaliandikwa yote na kuwekwa kwenye intaneti. Tshibumba mwenyewe habari zake zilikatika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hakukiona kitabu.

Hapo moyo unauma pande mbili. Ni kweli tablo ziko mbali, na mtoto wa Lubumbashi anahitaji viza kwa kutazama historia iliyochorwa na jirani wa babu yake. Tena ni kweli kwamba bila yule mgeni na manyetofoni yake tungekuwa na rangi bila sauti, kama vile vinyago vya Bwami. Sisi hatuko tayari kusema moja linafuta lingine.

Kiswahili cha Tshibumba nacho ni neno letu. Lugha hiyo ya Shaba ilikua kwenye kambi za Union Minière, ikachanganyika na Kiluba na Kifaransa, na msomaji wa Kabambare atakwama hapa na pale. Walimu wetu wa masomo walizoea kukiita Kiswahili kibovu, na hata kingwana chetu hawakukisamehe. Lakini katika mazungumzo hayo mtu anafikiri kwacho mambo mazito: ukoloni, kifo, ukweli wa picha, tofauti ya kuwaza na kukumbuka. Aliyeyasoma hatarudia kusema kwamba lugha ya barza haina nguvu ya kubeba mawazo. Huyo Fabian alirudi Lubumbashi mwaka wa 1986, akakaa na wachezaji wa kundi la Mufwankolo wakati wanatunga mchezo juu ya methali ya utawala unaoliwa mzima, na pale tena kila kitu kilianza na swali moja. Toka 2000 wanachuo wa Lubumbashi wenyewe, akiwemo profesa Dibwe dia Mwembu, waliendesha kazi ya kukusanya kumbukumbu za mji wao, kwa kuwauliza watu wa kambi na wa mitaa. Kwa hiyo manyetofoni ilipata mikono ya wenyeji.

Na sisi huku? Dhahabu ya Namoya inajulikana mbali kuliko majina ya mafundi wetu. Kampuni ya Banro ilitangaza uzalishaji wa kibiashara mwanzoni mwa 2016, na toka 2017 mapigano ya Raia Mutomboki na jeshi yakafukuza watu wengi kutoka Salamabila na vijiji vya kandokando. Watu wakikimbia wanabeba sufuria, godoro, mtoto. Mhunzi anaacha mivukuto. Mama msusi wa mikeka anaacha mkeka nusu. Mpiga likembe anakufa ugenini, Kasongo ao Kindu, na wale waliomzika wanajua jina lake tu. Redio zinasaidia, nazo Radio Okapi toka 2002 inasema Kiswahili kila siku; lakini redio inapita kama mvua, na mhunzi hafiki kwenye habari isipokuwa ameuawa.

Telefone ziko. Hata kijana wa karieri anayo moja yenye kurekodi, na kadi ya memori inapita mkono kwa mkono bila intaneti. Kwa hiyo wale wa chama chetu wanaotaka kuanza, tunawaelekeza kwenye njia ya Tshibumba. Kitu kiwe mbele yenu: mkeka, jembe, ngoma, likembe. Mwenye kazi aseme kwanza mpaka amalize, bila kukatwa. Kisha maswali: ulijifunza kwa nani, jina la mstari huu ni nini, wanawake wanaitaje, ulikataa kufundisha nani na kwa sababu gani. Mwanzoni isikike sauti yake akitaja jina lake, kijiji na tarehe, na akisema kwamba amekubali. Asipokubali, telefone ifungwe na mazungumzo yaendelee. Kopi ziwe tatu: moja kwa chama, moja Kasongo mahali pasipofikiwa haraka na vita, na ile ya kwanza kabisa ibaki kwa familia yake.