Fedha Kooni mwa Mgonjwa

Polio ilipoikumba Copenhagen mwaka 1952, daktari wa usingizi Bjørn Ibsen alishauri wagonjwa watobolewe koo na kupitishiwa mpira wa hewa, na wanafunzi wa udaktari wakapokezana kuminya mifuko ya hewa kwa mikono usiku na mchana. Mpira uliookoa roho uliwafungulia njia bakteria pia: mate hutuama juu ya kiputo cha mpira kinachoziba koo, kisha huchuruzika kidogo kidogo hadi mapafuni, huku utando wa vijidudu ukijijenga ndani ya mpira wenyewe. Ndipo ikaja hoja ya kuupaka madini ya fedha ili kuzuia bakteria hao. Jaribio kubwa la Amerika Kaskazini, lililochapishwa 2008, lilionyesha nimonia ikishuka kutoka asilimia 7.5 hadi 4.8 kwa waliowekewa mpira saa 24 au zaidi. Vifo havikupungua. Watetezi hujibu kwamba jaribio halikukusudiwa kupima vifo, na hapo wako sahihi. Lakini hata siku za kukaa na mpira hazikupungua, ingawa kupungua huko kungetarajiwa kama mapafu yangenusurika kweli. Isitoshe, nimonia ilithibitishwa kwa kuhesabu bakteria kwenye maji yaliyosukutua mapafu, na fedha yaweza kushusha hesabu kuliko inavyoshusha ugonjwa. Kwangu, kuutoa mpira mapema bado kunatangulia kuupaka chochote.